Shangazi, mama ni mjane na wanasema asinipake manjano siku ya harusi yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, Mhindu wa Kigujarati, mzaliwa wa Tanga. Babu mzaa babu alikuja na jahazi kutoka Porbandar. Sisi tumezaliwa hapa, tumesoma hapa, na nyumbani tunazungumza Kigujarati ambacho ndugu zetu wa India wakikisikia wanacheka, maana ndani yake mna sufuria, fagio, kisu na jugu. Nakuandikia wewe kwa sababu katika ukoo wetu sina wa kumwambia hili bila kufika kwa wote kabla ya jioni.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa ajali ya gari njia ya Segera. Siku ile nilimwona mama akivunjwa bangili. Wanawake wazima walimshika mikono, wakazigonga zikapasuka, kipande kimoja kikaruka mpaka miguuni kwangu. Wakamfuta chandlo, ile nukta nyekundu ya kipaji cha uso. Wakamvua mangalsutra, mkufu wa shanga nyeusi anaovaa mke mwenye mume. Mama alikuwa na miaka 36. Tangu hapo sijamwona na nguo nyekundu.

Duka lilikuwa la baba na mdogo wake. Huyu namwita Kaka, na mkewe namwita Kaki. (Usije ukachanganyikiwa, Shangazi: kwa Kigujarati "kaka" ni baba mdogo, na "mama" ni mjomba.) Kaka alinilipia ada mpaka chuo, siwezi kumkana. Lakini mama hakukaa akingoja kupewa. Alianza kukaanga vitafunio vya kuuza, ganthia, chevdo na bhajia, na mpaka leo kila asubuhi anapeleka mifuko madukani. Vidole vyake vina manjano siku zote, ile bizari ya jikoni, haitoki hata kwa ndimu.

Sasa naolewa. Mchumba wangu ni kijana wa Arusha, wa jamii yetu. Tulipendana wenyewe, wazee wakaridhia. Harusi itakuwa Dar mwezi wa pili, kamurta ikishapita, maana kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari kwetu hatufungi ndoa.

Mwezi uliopita tulikaa kikao. Foi, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuja na orodha kwenye daftari. Pithi, yaani kupakwa manjano, ataanza Kaki. Kumpokea bwana harusi mlangoni, Kaki. Kanyadaan, kunikabidhi kwa mume, Kaka na Kaki. Kuninong'oneza baraka sikioni, wanawake wanne wenye waume. Nikauliza, na mama yangu? Foi akasema bila hata kuinua macho: "Yeye atasimamia zawadi na chakula. Sitaki kivuli kwenye ndoa ya mtoto wa ndugu yangu." Kimya. Mama akasema, "Sawa sawa," akainuka kwenda kuteleka chai.

Wiki iliyofuata tulikwenda Dar kununua sari. Mama ndiye mwenye jicho, hakuna asiyejua. Lakini alisimama karibu na mlango wa duka, mikono ameifunga kifuani, akawa anamwonyesha muuzaji kwa kidevu. Ile. Hapana, ya chini yake. Zile nyekundu hakuzigusa hata moja.

Usiku nikamwambia kama ni hivyo naghairi harusi, tukafunge ndoa bomani tumalize. Akaniambia: "Nikikugusa, halafu siku moja mumeo akapata ajali njiani, mimi nitaishi vipi?"

Tangu hapo hatujazungumza vizuri. Foi nikimwona napandwa na hasira. Kaki naye ameshaanza kuulizia sari ya kuvaa kwenye kanyadaan, kama kwamba ndiye aliyenizaa. Mchumba anasema yeye hana neno, niamue mimi. Kadi, kankotri, zinapelekwa kuchapwa mwisho wa mwezi na Foi anataka majina. Nimlazimishe mama? Niwaambie wakwe? Twende bomani? Au ninyamaze?

Bibi harusi mtarajiwa, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera ya uchumba.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama pale dukani, mama anapochagua sari kwa kidevu. Mwanamke ambaye vidole vyake haviachi manjano mwaka mzima, siku ya manjano yenyewe anaambiwa vidole vyake vina mkosi. Hasira yako naielewa. Ningekuwa mimi pale kikaoni, sijui kama chai ile ingenyweka.

Kama nimekuelewa, unataka mama aliyekulea peke yake aonekane siku yako kwa heshima yake, na watu wanaokupenda wanakwambia kufanya hivyo ni kukuletea balaa. Na lililokuumiza zaidi ni kwamba mama mwenyewe anasema hivyo hivyo.

Kabla hatujafika kwenye kadi, hebu tuhesabu. Umeandika kana kwamba ukoo mzima umemfungia mama mlango. Lakini katika barua yako aliyesema ni mtu mmoja mwenye daftari. Kaka hujaniambia alisema nini. Mama mkwe wako wa Arusha hujui anaonaje. Maharaj atakayeongoza ibada hajaulizwa, na yeye ndiye atakayekaa na moto katikati ya mandap, kile kibanda cha kufungia ndoa. Wapo makuhani wanaoshikilia kwamba kanyadaan ni ya mume na mke tu, na wapo wanaomruhusu mzazi mmoja. Wa kwenu ni yupi? Kimya cha watu wazima kikaoni mara nyingi ni uoga wa kumjibu dada mkubwa. Wewe umekihesabu kuwa ni kura.

Na Kaki. Hapa nivumilie kidogo. Unasema anaulizia sari kama kwamba ndiye aliyekuzaa. Sijui kama ana binti, hukusema. Lakini nimeishi na majirani wa Kigujarati miaka mingi, na ninachokijua ni kwamba kwenu kanyadaan huhesabiwa miongoni mwa sadaka kubwa ambazo mzazi anaweza kuzitoa duniani. Mtu ambaye nyumba yake imelipa ada yako miaka yote ile, akaambiwa atakuweka mkono wako ndani ya mkono wa mumeo, atafurahi. Furaha yake si lazima iwe wizi. Huenda hata hajui kwamba unaiona hivyo. Wewe na Kaki mmewahi kukaa wawili tu mkalizungumza? Au naye ni wa kuzungumziwa tu, kama mama?

Sasa mama.

Umesoma maneno yake kama ya mtu aliyeaminishwa ujinga. Mimi nimeyasoma tofauti. Mume wake alitoka nyumbani mzima akarudi maiti, kwa ajali. Binti yake anaolewa na kijana ambaye barabara ya kwenda kwake, ukitoka Tanga, inapitia Segera ile ile. Hata kama usingekuwepo msemo wowote wa mjane na mkosi, mama huyu angeogopa. Mila imempa hofu yake jina na namna ya kuipanga: nisipomgusa, atasalimika. Ni mpango mbaya, lakini ni mpango, na amekaa nao miaka kumi na minane. Ukimnyang'anya siku moja mbele ya wageni, utampa nini badala yake?

Kwa hiyo kumlazimisha kuna hatari ambayo nadhani hujaipima. Tuseme amekubali kwa ajili yako, amekupaka, watu wamepiga makofi. Miaka miwili mbele mtoto wako anapata homa kali, au mumeo anachelewa kurudi safari na simu haipatikani. Foi anaweza asiseme kitu. Mama atajisema mwenyewe, usiku, peke yake, na wewe hutakuwepo kumsikia.

Pia nikukwaruze kidogo, kwa mapenzi. Ulipomwambia utaghairi harusi, ulitumia kitu anachokipenda kuliko vyote kumbana. Siku ya msiba wanawake wazima walimshika mikono wakamvunja bangili, bila kumuuliza. Nawe angalia usije ukamshika mikono hiyo hiyo ukamvisha, bila kumuuliza.

Hayo hayana maana kwamba Foi yuko sahihi. Mimi si Mhindu, kwa hiyo nilikwenda kwa jirani yangu, bibi mmoja wa Kigujarati mwenye umri wa kuwa bibi yako, nikamweleza bila kutaja mtu. Alinikumbusha Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu. Draupadi alipoolewa na wana wa Pandu, Pandu alikwisha kufa zamani. Aliyempa bibi harusi yule baraka zake, akiwa bado na hariri nyekundu mwilini na uzi wa harusi mkononi, ni Kunti, mama mkwe wake. Mjane. Yule bibi akanyamaza, kisha akasema: "Lakini mimi mwenyewe, mjukuu wangu alipoolewa, nilikaa nyuma." Unaona ilivyo? Anakijua kisa chote, na bado alikaa nyuma.

Mambo haya huenda taratibu kuliko sheria. Mwaka 1856, huko India enzi ya Waingereza, baada ya mwanazuoni Ishwar Chandra Vidyasagar kupigania sana, ilitungwa sheria ya kumruhusu mjane wa Kihindu kuolewa tena. Na mwezi Mei mwaka 2022, miaka 166 baadaye, kijiji cha Herwad, wilaya ya Kolhapur huko Maharashtra, kilipitisha azimio la kuacha kuwavunjia wajane bangili, kuwafuta kumkum, unga mwekundu wa kipaji cha uso, na kuwavua mangalsutra. Serikali ya jimbo ikavihimiza vijiji vingine vifuate. Maharashtra si Gujarati, na Herwad si Tanga. Nakutajia ili ujue kwamba swali lako halikuzuka kwa sababu umesoma chuo au umekaa na Waswahili, kama Foi anavyoweza kukwambia. Linaulizwa huko huko ilikotoka mila.

(Na sisi wa pwani tusijifanye wasafi. Eda ya mjane wa Kiislamu ina mwisho wake unaojulikana, miezi minne na siku kumi, lakini nimeshuhudia kwa macho yangu mwanamke akiambiwa kwa upole asimtandikie bibi harusi kitanda, kwa kuwa yeye "hana bahati ya ndoa". Alikuwa ameachika mara mbili. Alitabasamu akaenda kuosha vyombo. Sikusema kitu, na tabasamu lile ninalo mpaka leo.)

Tuje kwenye unayoweza kufanya.

Kuwaambia wakwe kunaweza kukusaidia sana. Mama mkwe akisema, "Sisi tunataka kupokelewa na mama yake mwenyewe," Foi atakuwa na maneno machache. Lakini ni jambo la ndani ya nyumba yenu, na likifika Arusha kwa njia ya malalamiko, mtaingia kwenye ndoa watu wakijua kwamba upande wa bibi harusi kuna ugomvi. Labda mchumba wako, badala ya kusema hana neno, amuulize mama yake swali jepesi: kwetu tunafanyaje mama wa bibi harusi akiwa mjane? Asimtaje Foi. Na wewe umwambie mchumba kwamba "niamue mimi" si msaada kama anavyodhani.

Bomani? Ndoa ni ndoa, na sheria ya nchi inaitambua. Ila fikiria mama atakavyoielewa. Ataona kwamba ujane wake umefukuza mandap, moto na nyimbo, vitu alivyovikaangia bhajia miaka yote hii ili uvipate. Hata hivyo kuna kitu cha huko unaweza kukichukua bila kwenda. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hata ndoa ya kidini inahitaji mashahidi wawili. Hakuna anayemuuliza shahidi kama ana mume. Jina la mama likiwa kwenye karatasi ile, kwa mwandiko wake, litakaa muda mrefu kuliko kadi ya Foi. Huenda kwako hilo ni dogo mno. Huenda kwake si dogo.

Halafu kuna kugawana. Kanyadaan ya Kaka na Kaki, mama akiwa amekaa pembeni yao, mkono wake juu ya mikono yao, kama maharaj ataridhia. Au Kaka na Kaki wabaki na kanyadaan yote, na mama ampokee bwana harusi mlangoni. Nikiri hili nalipenda kwa sababu ya pua. Mwenzangu ambaye hajawahi kuhudhuria harusi ya Kigujarati ajue: mama wa bibi harusi, akishampaka kijana chandlo, humvizia amkamate pua, ajue kwamba amekuja kuomba, na kijana huikwepa huku wenzake wakimkinga na watu wakivunjika mbavu. Mwanamke aliyeogopa miaka kumi na minane anaweza kuwa na haja na pua hiyo! Lakini mlangoni ndipo kila jicho linapoangalia. Mgeni mmoja akiguna, mama atasikia mguno huo kuliko vifijo vyote.

Au manjano. Pithi si lazima isubiri ukumbi wa Dar. Unaweza kupakwa Tanga, jikoni kwenu, siku moja kabla ya safari, mama akianza, na Kaki akiwepo. Nasisitiza Kaki awepo. Mkifanya wawili kwa siri, itabaki siri, na kitu cha kufichwa baadaye hufanana na kosa. Akiwepo shahidi mwenye mume na mwenye moyo, mama anaweza kuamini kwamba hakuiba.

Na kunyamaza pia ni njia, usiidharau. Wako mabinti walionyamaza, mama zao wakakaa nyuma kwa hiari na amani, na hakuna aliyevunjika. Swali ni kama wewe unaweza kunyamaza bila kuja kumlipisha Foi kila Diwali, na mama kila mnapogombana. Kwa ulivyoandika, sina hakika. Wewe unajijua.

Kadi hazijachapwa, na Foi anaweza kusubiri wiki moja. Mwambie bado majina hujayakamilisha, basi, usiongeze neno.

Katika wiki hiyo ingia jikoni asubuhi, wakati mama anakanda unga wa ganthia na hawezi kuondoka kwa kisingizio cha chai. Usimuulize kama anataka kukupaka, jibu la hapo unalijua. Muulize habari za siku yake yeye. Nani alianza kumpaka manjano? Wale wanawake wanne walimnong'oneza nini, na mmoja wao je, hakutania? Bibi yako alimkamata baba pua, au aliikosa? Nadhani kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemuuliza mambo ya harusi yake, kwa sababu wote wanakumbuka mwisho wake. Msikilize mpaka amalize. Kisha, kama mazungumzo yatafika hapo yenyewe, muulize: kama Foi asingekuwepo, wala wageni, wala barabara ya Segera, angependa kukufanyia nini siku hiyo? Akisema "kusimamia chakula," mwamini, na umpe heshima yake huko huko kwenye chakula. Akisema kitu kingine, utakuwa na jambo la kumpelekea Kaka, na halitakuwa hasira yako.

Niandikie tena, uniambie alijibu nini. Na asipojibu, niambie mikono yake ilifanya nini.

Shangazi